Honi Iliyopiga Miayo

Benchi letu lilikuwa kiti cha nyuma cha gari ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona likitembea. Dada Mkubwa alilitoa kwenye bodi lililooza, mimi nikalishonea ngozi mpya, tukaliegemeza ukutani mbele ya duka lake la spea za magari ya zamani, na tangu siku hiyo likawa na wenyewe. Ukichungulia dukani unaona taa za mbele zimepangwa rafuni kama macho ya watu walioamka lakini hawajataka kutoka kitandani. Sukani zimening'inia darini, na vioo vya pembeni vimetundikwa ukutani, kila kimoja na kipande chake cha barabara. Asubuhi jua likiingia kwa mlango, vile vioo hurushiana mwanga, na wewe uliyekaa na kikombe cha kahawa mkononi unaweza kuapa kwamba umo safarini, nyumba za upande wa pili ndizo zinazopita.

Wenyewe wa benchi ni hawa. Dada Mkubwa ndiye mwenye duka na mwenye birika. Sote tunamwita hivyo, hata Breki aliyemzidi umri. Breki ni dereva mstaafu wa malori, na jina alilipata kwa sababu akishaanza kusema hana kitu cha kumsimamisha. Kinyozi ana kibanda chake ng'ambo ya njia, lakini wateja wake wanajua pa kumtafuta. Waya ni fundi umeme wa magari, mtu wa maneno machache. Mimi nashona viti, mlango unaofuata.

Siku hiyo ilianza kama nyingine. Dada Mkubwa alifungua mlango, akafuta vumbi kwenye taa, akabandika birika. Mteja wa kwanza alikuwa kijana anayetaka kuoa. Alikuwa na gari la babu yake na alitaka vifuniko vya magurudumu vinavyong'aa. Dada Mkubwa akampatia vitatu vya namna moja na kimoja cha ukoo mwingine kabisa.

— Hiki hakifanani na wenzake, kijana akalalamika.

— Kiweke upande wa kulia, Dada Mkubwa akamwambia. Mpiga picha mweke kushoto.

Kijana akaenda zake anacheka. Breki alikuwa amepata mada, anatueleza kwamba gari la arusi halitakiwi kuoshwa sana maana likijiona zuri linakataa mlima, ndipo akaja dada mmoja. Alikuwa muuguzi, bado na sare yake, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Akasimama kwenye kizingiti.

— Samahanini wakubwa zangu. Mna honi?

— Zipo, mdogo wangu, Dada Mkubwa akajibu. Za gari gani?

— Sijui.

— La miaka gani hivi?

— Sijui, dada. Najua tu linavyolia.

Tukatazamana. Waya akaweka kikombe chini.

— Hebu liigize, Breki akasema.

Muuguzi akatazama huku na huku, aibu ikamshika. Kisha akafumba macho, akaanza chini kabisa, kifuani, sauti ikapanda polepole, ikafika mahali ikakatika kama iliyochoka.

— Hiyo si honi, Kinyozi akasema. Hiyo ni miayo.

— Ndiyo hiyo hiyo, muuguzi akasema. Ilikuwa ikipiga miayo.

Dada Mkubwa akamsogezea nafasi, akammiminia kahawa. Ndipo akatueleza. Baba yake alikuwa akisambaza mikate kwa gari lake dogo la zamani. Kila jioni akikunja kona ya nyumbani alipiga honi mara moja tu, na mama akaanza kupakua chakula. Hivyo ndivyo walivyoishi, tangu yeye muuguzi hajazaliwa. Gari lilichoka, likauzwa chuma chakavu. Baba naye baadaye akaugua, akafariki. Mama akalia, akazika, akaendelea. Lakini mwaka huu kumbukumbu zake zimeanza kupotea, na katika kupotea huko zimemrudisha kwenye ile kona.

— Jioni ikifika anapika, muuguzi akasema. Anatoka, anakaa mlangoni, anamsubiri baba. Hagusi chakula. Anasema hawezi kula kabla mwenye nyumba hajapiga honi. Jirani ninayemwachia nikiwa zamu anasema wakati mwingine humbeba kumwingiza ndani. Mchana anadonoa kama ndege. Amekonda jamani. Juzi nimemwogesha, nimehesabu mbavu.

Breki akasogeza kikombe chake kando.

— Wewe unataka umpigie honi ale, Dada Mkubwa akasema.

— Nataka ale.

Kinyozi akatikisa kichwa.

— Usikasirike, binti yangu. Lakini huko si kumdanganya mzazi?

Muuguzi akamtazama bila hasira, kama anavyomtazama mgonjwa mwenye swali.

— Ukweli nimeshamwambia, mzee wangu. Kila nikimwambia, anafiwa upya. Analia kilio kile kile cha siku ile. Asubuhi amesahau, jioni ananiuliza tena. Mtu afiwe mara ngapi?

Kinyozi akajimiminia kahawa nyingine.

— Waya, Dada Mkubwa akasema, lete betri.

Basi tukaanza. Kando ya duka kuna bodi la gari la kijivu, halina injini, na milango yake bado inafunguka vizuri. Waya akaweka betri yake kuukuu mle ndani, akavuta nyaya, na Dada Mkubwa akatoa makreti ya honi. Kumbe zilikuwa nyingi namna ile! Za mviringo, za kama konokono, nyingine zimefumwa utando wa buibui. Muuguzi alikaa katikati ya benchi. Waya alifunga moja, akabonyeza, sisi tukamtazama muuguzi usoni.

— Siyo.

Nyingine.

— Siyo. Hiyo ni kama ya mtu mwenye hasira. Baba hakuwa na hasira.

Nyingine. Nyingine tena. Breki akaomba picha ya gari. Muuguzi alikuwa nayo kwenye simu, lakini baba alikuwa amesimama mbele ya gari lake kwa fahari, na kilichoonekana nyuma yake ni tairi na pembe ya taa.

— Nimelijua! Breki akapiga paja. Taa hii ni ya yale ya mgongo wa kobe. Yaliletwa kwa meli. Honi zake zote zina miayo kwa sababu chumvi iliingia kooni njiani.

— Chumvi ingetafuna bati, Waya akasema.

— Wewe unajua nyaya, hujui safari. Mimi nimeendesha lori lililokuwa na chumvi kooni. Likifika mteremkoni linakohoa.

— Lilikuwa bovu, bwana.

— Lilikuwa na kumbukumbu! Honi humjua mwenyewe. Bonyeza honi ya mwenzako uone inavyokujibu, inakujibu kama mke wa mtu.

Muuguzi akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Dada Mkubwa akamwambia Breki achunge mdomo, kuna binti wa watu hapa.

— Mimi nadhani kosa tunalitafuta kwenye honi, Kinyozi akasema. Sauti haifi, jamani. Inatua. Inakaa ukutani kama vumbi. Mimi jioni nikishafunga kibanda, nikatulia, nasikia mikasi ya mchana. Nyumba ya huyu binti, ile kona, imejaa honi za miaka yote. Dawa ni kukwangua ule ukuta.

— Ukwangue ukuta usikie honi?

— Polepole. Kwa wembe.

— Wewe kunywa kahawa, Waya akamwambia. Honi ni sahani ya bati inayotetemeka. Basi.

— Na moyo je? Breki akamrukia. Moyo si nyama inayotetemeka? Mbona huo hausemi basi?

Nikaona nami niseme langu. Nikawaambia kwamba nikifungua viti vya zamani nakuta sponji imebonyea kwa umbo la aliyekuwa akikaa. Kiti cha dereva hubonyea zaidi upande mmoja. Kiti cha pembeni, kama mke alikuwa akisafiri naye, kimeelekea kwa dereva kidogo. Naibadilisha sponji maana ndiyo kazi yangu, lakini ile ya zamani sijawahi kuitupa siku hiyo hiyo. Huiacha ilale kwanza.

Hakuna aliyenicheka. Muuguzi aliniuliza, taratibu:

— Ya mama nayo ingekuwa imeelekea?

— Ingekuwa hivyo, nikamwambia.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa umeshaamshwa na honi. Mama mmoja wa ghorofani alifungua dirisha, mikono ina povu la sabuni.

— Hiyo mliyopiga sasa hivi, akaita. Irudieni.

Waya akairudia. Mama akasimama pale, povu linamdondokea kwenye vidole, anatazama mwisho wa njia. Halafu akafunga dirisha. Hakusema ni ya nani, nasi hatukuuliza. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na kapu alisimama, akavua kofia, akangoja honi nyingine, akavaa kofia akaondoka. Mteja aliyekuja kutafuta pampu ya mafuta alisahau pampu, akakaa kwenye kreti. Sijui niseme nini. Ilikuwa kama magari yote yaliyokufa mjini yanarudi nyumbani mchana ule, moja moja, yanabisha hodi na kukuta milango imebadilika.

Lakini miayo ya gari la mikate hatukuipata. Makreti yakabaki na kutu tu chini. Muuguzi alikuwa akijibu "siyo" kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, mpaka ikakoma. Tukamtazama, usingizi umemchukua, kichwa kimeegemea bega la Dada Mkubwa.

— Mwacheni, Dada Mkubwa akanong'ona. Ametoka kukesha.

— Nifungue nyaya? Waya akauliza.

— Ipo moja bado hatujaijaribu. Ile ya rafuni, iliyobanduka rangi.

— Ile ni ya kawaida kabisa.

— Ifunge tu. Tusije tukalala tunajiuliza.

Waya akaifunga, akabonyeza. Ikaanza chini sana, kama mtu anayetaka kusema akasita. Ikapanda, ikajivuta, ikafika mahali ikakatika.

Na muuguzi, macho yamefumba, akasema:

— Naam, baba.

Akazinduka kwa sauti yake mwenyewe. Akatuangalia mmoja mmoja. Machozi yakamtoka bila uso wake kukunjamana.

— Ndiyo hiyo, akasema. Mmeitoa wapi?

Waya alikuwa ameinama kwenye bodi, anapima betri. Akainuka, uso umeingia mashaka.

— Honi haina lolote, akasema. Ni betri. Tumeitumia tangu asubuhi, imekwisha. Honi yoyote ukiipa umeme hafifu hivi italia hivi.

— Ina maana baba…

— Gari lake lilikuwa linawaka vizuri asubuhi?

Muuguzi akaweka mkono mdomoni. Halafu akaanza kucheka huku analia.

— Tulikuwa tukilisukuma! Kila asubuhi, mimi na kaka zangu, na sare za shule. Mama anatushangilia mlangoni. Baba kila siku anasema mwezi ujao nanunua betri, mwezi ujao nanunua betri.

— Alikuwa maskini na betri mbovu maisha yake yote, Breki akasema kwa heshima kubwa, na mkewe akaisikia ikiwa wimbo.

Waya akanyoosha mkono aende kuchaji betri, maana mkono wa fundi una mazoea yake. Dada Mkubwa akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake.

— Usiguse! Usiichaji! Binti, mama yuko wapi?

— Nyumbani, na jirani.

— Kamlete. Asikie yeye mwenyewe, asije akatuambia siyo baada ya yote haya. Waya, imebaki nguvu ya mara ngapi?

— Labda moja. Labda mbili. Labda hata hiyo moja haipo. Naweza baadaye kufanya maarifa ya kupunguza umeme, lakini siahidi kwamba italia hivi hivi.

Muuguzi akakimbia na viatu vyake vya kazini, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita.

Tukabaki tunalinda betri. Ni kazi ya ajabu kulinda kitu kisizidi kupata nguvu. Hatukuthubutu hata kuegemea lile bodi. Kinyozi, mtu wa kung'ang'ania, akairudisha hoja yake.

— Mimi bado moyo unanisuta. Tukimpigia ataamini mumewe amefika.

— Kwani kwake hajafika? Breki akasema. Sisi tunahesabu mwaka huu. Yeye yuko mwaka mwingine, na kule mumewe mzima, yuko njiani na mikate. Tunachofanya ni kumfupishia foleni.

— Na akitaka kumwona?

— Atakula kwanza, Dada Mkubwa akasema, kisha akaingia dukani kuchochea jiko, ingawa jiko lilikuwa likiwaka vizuri.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala teksi ilipofika. Muuguzi alishuka na kikapu chenye chakula, akazunguka akafungua mlango wa pili. Mama alitoka taratibu, mwembamba, mtandio umefungwa kwa unadhifu, ana harufu ya sabuni na moshi wa jikoni. Sote tukasimama.

— Shikamoo mama, tukasema kama watoto wa darasa moja.

— Marahaba, wanangu. Poleni na kazi.

Alimwita hata Breki mwanangu, na Breki akaitika. Tukamkalisha kwenye benchi. Dada Mkubwa alimpa kahawa kiasi, ile ya mwisho ya birika, naye akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa. Akatazama taa rafuni, vioo, sukani zilizoning'inia.

— Magari mengi, akasema. Wenyewe wako wapi?

— Wanakuja, mama, nikamjibu, kwa kuwa nilikuwa karibu naye.

— Mimi siwezi kukaa sana. Nina mtu wangu anarudi jioni.

— Hatutakuchelewesha.

Dada Mkubwa akamwashiria Waya. Waya akafuta kiganja kwenye suruali, akaingiza mkono kwenye lile bodi la kijivu. Nikaona midomo yake inasema kitu, sala au tusi, sijui. Akabonyeza.

Hapakuwa na kitu. Kisha kukawa na mkwaruzo mdogo, ndani kabisa, kama unaotoka chini ya barabara. Ukapanda. Ukajivuta, mrefu kuliko ule wa kwanza, dhaifu kuliko ule wa kwanza, ukafika pale pake ukakatika. Waya akaondoa mkono, na kwa alivyotutazama tukajua betri imekata roho.

Mama aliweka kikombe chini. Hakushtuka. Uso wake ulilegea tu, kama wa mtu aliyefunguliwa fundo la mtandio. Akaweka mtandio wake sawa, akanyoosha gauni kwenye magoti.

— Kachelewa leo, akasema. Alikuwa na mikate mingi.

Kisha akamgeukia bintiye, kwa sauti ya mwenye nyumba:

— Umekaa tu! Funua chakula.

Muuguzi akafunua. Kifuniko kikagonga bakuli. Mama akanawa kwa maji ya chupa, akamega, akala. Akala tena. Breki alikuwa amegeuka anatazama ukuta, mabega yanamcheza. Mteja wa pampu ya mafuta bado alikuwa pale kwenye kreti, na alikuwa akitafuna hewa kila mama alipotafuna. Mama alikula mpaka nusu ya bakuli, akasifu chumvi, nusu nyingine akaisukuma kando na kuifunika vizuri.

— Hii yake, akasema.

Akafuta vidole. Akainua macho akalitazama lile gari la kijivu, kioo chake cha mbele kimebeba mwanga wote wa jioni hata ndani hakuonekani. Alilitazama kwa subira. Nasi tukajikuta tunalitazama.

— Mbona hashuki? akauliza.

Kinyozi alimtazama Breki. Breki, nakwambia, Breki huyo huyo, alifungua mdomo akaufunga. Waya alikuwa bado amesimama kando ya mlango wa gari, ameshika mpini wake, hajui aufungue au auachie. Dada Mkubwa alilishika birika akalitikisa, likawa jepesi. Muuguzi, ambaye kazi yake ni kuwajibu watu maswali kama hayo, alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono.

Mama hakukasirika. Alitungoja kidogo, kama tunavyowangoja watoto wasiojua somo lao. Kisha akavuta gauni lake, akasogea upande mmoja wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mzima pembeni yake, akaipangusa kwa kiganja.

Sote tukasogea, ili imtoshe.